Mlevi Asiyeonja Pombe

Madereva wa yadi ile walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kama koti lililoshonwa kwa vipimo vyake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameendesha matrela, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukwaruza hata mlango wa gari la mtu. Kila Jumatatu asubuhi, madereva walipokusanyika karakana kusikiliza mambo ya usalama, yeye ndiye aliyepewa dakika kumi za mwisho, na dakika hizo alizitumia kuipiga vita pombe.

"Gari halina akili," alikuwa akisema. "Akili ni yako wewe. Sasa ukiiacha baa, nani anaendesha?"

Wenzake waliyajua maneno hayo kwa moyo. Wengine waliyatamka pamoja naye chinichini huku wakikonyezana, lakini walimheshimu. Mtu asiyegusa hata tone ana haki ya kuwachosha wanaogusa.

Kisukari alikuwa nacho mwaka wa tisa sasa. Hilo halikuwa siri. Alikuwa anakunywa vidonge asubuhi na jioni, na kila mwaka daktari wa leseni alimpima macho, presha na miguu, akamuuliza maswali mawili matatu, akagonga mhuri. Mwaka huu vidonge viligoma. Sukari ilipanda na kukataa kushuka, kiu haikukatika, na kila usiku aliamka mara nne kwenda chooni. Nesi wa kliniki, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alimwekea mezani kalamu ya insulini, sindano yenye umbo la kalamu, na kumwonyesha namna ya kujidunga tumboni.

"Ukishadunga, ule. Usidunge halafu ukaanza safari na tumbo tupu, umenielewa? Sukari ikishuka, kichwa kinaondoka na wewe hujui kama kimeondoka." Kisha akatazama kadi yake. "Hapa imeandikwa wewe ni dereva. Gari gani?"

"Gari tu," Taratibu alijibu.

"Baba, gari gani?"

"Trela."

Nesi aliweka chini kalamu yake ya kuandikia. "Basi lazima kazini waambiwe, na watu wa leseni pia. Watakuteremsha kwanza. Watataka kuona vipimo vya miezi mitatu, na daktari bingwa akuangalie. Wapo wanaorudi barabarani. Sindano siyo mwisho wa kazi."

Lakini sikio la mtu huchukua linachotaka, hata likiwa linataka kuumia. Katika maneno yote yale, Taratibu aliondoka na neno moja tu: watakuteremsha. Njia nzima alilitafuna. Alijiona amekaa kwenye benchi la yadi pamoja na wazee wanaosubiri kutumwa chai, huku vijana aliowafundisha kurudisha trela nyuma wakimpita na kumwambia, "Shikamoo, mzee."

Fomu ya afya ya mwaka ilikuja wiki mbili baadaye. Swali la saba liliuliza: Je, unatumia sindano za insulini? Kulikuwa na visanduku viwili. Daktari wa leseni alikuwa na foleni hadi mlangoni na hakuinua hata macho. Taratibu aliweka alama kwenye Hapana. Alishangaa jinsi mkono wake ulivyotulia.

Nyumbani, mke wake, ambaye alikuwa fundi cherehani na alishonea chumba cha mbele, alimuuliza huku pini ziko mdomoni, "Umewaambia kazini habari ya sindano?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamesema hakuna neno."

Mke alitoa pini mdomoni, akamtazama kidogo, kisha akarudi kwenye kazi yake. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na moja. Hakuwa na sababu ya kumshuku.

*

Ilikuwa siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, na trela lake lilikuwa limebeba mifuko ya saruji, tani ishirini na nane. Alikuwa amejidunga alfajiri kwenye kabini, akijua atakula mgahawani mara tu atakapomaliza kupakia. Lakini mashine ya kupakia iliharibika, foleni ikasimama saa mbili, na ilipotengenezwa, msimamizi wa ghala alianza kupiga kelele kwamba magari yatoke haraka. Taratibu alitoka. Alijiambia atakula akishapita mizani ya magari, kwani ni kilomita kumi na mbili tu.

Karibu na mizani, mikono ilianza kutetemeka. Jasho lilimtiririka mgongoni wakati dirisha liko wazi na upepo unaingia. Alijiambia ni uchovu. Kisha hata kujiambia kukaisha. Taa nyekundu ya mizani aliiona vizuri kabisa, ila haikuwa na maana yoyote kwake. Ilikuwa rangi tu, kama ua.

Trela halikusimama juu ya mizani. Lilipita polepole, likakata kushoto, likaegemea kibanda cha karani. Ukuta wa mbao ulipasuka, dirisha likamwagika vioo, na meza ikasukumwa hadi ukuta wa pili. Karani wa mizani, mwanamke ambaye kwa miaka minane alikuwa akimpimia mzigo na kumtania kwa kumwita shemeji, aliruka kupitia mlango wa nyuma na kiatu kimoja. Gari lilizimika lenyewe.

Walimteremsha dereva akiwa anacheka. Alimtukana mtu aliyemshika mkono, akajaribu kukaa mahali pasipo na kiti, akaanguka. Suruali yake ilikuwa imelowa mbele. Madereva wa foleni walijikusanya, simu zikainuliwa juu.

"Taratibu kalewa!" mmoja alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona jua likichomoza magharibi.

"Taratibu gani? Huyu wa mahubiri?"

Dereva mmoja mwenye huruma alimmwagia maji kichwani na kumlazimisha anywe chupa nzima ya soda. "Kunywa, mzee, ikate pombe." Hakujua kwamba alikuwa anamtibu. Dakika kumi na tano baadaye Taratibu alikuwa amekaa chini akiegemea tairi, akili imerudi yote, na ilirudi kwa ukatili, kitu kimoja baada ya kingine: kwanza kibanda, halafu kiatu kilichobaki peke yake kwenye vioo, halafu suruali yake mwenyewe. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliinama, akajifunika mapajani kwa kofia.

Askari alipofika alisema kifaa cha kupimia pombe kimepelekwa barabara nyingine siku hiyo. Aliandika maelezo ya mashahidi, na mashahidi wote walisema neno moja.

*

Msimamizi wa magari, ambaye madereva walimwita Madamu, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alimwita ofisini mchana ule ule. Juu ya meza kulikuwa na faili lake, jembamba sana kwa mtu wa miaka ishirini na sita, maana halikuwa na kosa hata moja.

"Mzee wangu," alisema, "mimi nimeona video, na bado siamini. Niambie wewe mwenyewe. Ulikuwa umelewa?"

Hapo ndipo palikuwa na njia panda, na Taratibu aliiona. Utaratibu wa kampuni aliujua kuliko mtu yeyote, maana alisaidia kuuandika. Dereva mwenye faili safi akikutwa na pombe mara ya kwanza, anasimamishwa siku thelathini, anaomba radhi mbele ya wenzake, anarudi kazini. Lakini dereva wa sindano anateremshwa, na nani anajua kama atapanda tena? Pia alikuwa amedanganya kwenye fomu ya serikali. Mlevi ana siku thelathini. Mgonjwa mwongo ana nini?

"Nilikunywa kidogo jana," alisema. "Imenishinda."

Madamu alilifunga faili. Kisha akafungua droo, akatoa fomu ya kusimamishwa, akamsogezea kalamu. Wakati huu mkono wa Taratibu haukutulia.

Habari ilimfikia mke wake kabla yeye hajafika. Alimkuta amekaa kwenye cherehani, lakini hashoni.

"Mteja wangu kanionyesha video," mke alisema. "Kaniuliza nimewezaje kuishi na mlevi miaka yote hii. Nilikuwa namchukua vipimo vya kiuno. Nilishindwa hata kusoma tepu."

"Mama watoto..."

"Ile ni sukari. Mimi nakujua. Na kazini wanajua unadunga, uliniambia. Kwa nini hawakusema ni sukari?"

Taratibu alisimama pale pale mlangoni. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi wenye suruali chafu, na hakujua auweke wapi.

"Hukuwaambia," mke alisema polepole. "Ulinitazama usoni ukanidanganya, na mimi nikaendelea kushona." Alichomeka pini kwenye kitambaa. "Na sasa umekubali uitwe mlevi. Wanao wataitwa watoto wa mlevi. Mimi ni mke wa mlevi. Mficha maradhi, mume wangu..."

"Methali sitaki."

"Hata mimi sitaki. Ningetaka mume." Aliinuka, akauchukua ule mfuko mkononi mwake, akaenda nao uani. Taratibu alisikia maji yakimwagwa kwenye beseni, na ile sauti ya mkewe akimfulia aibu yake ilimuuma kuliko maneno yote aliyoambiwa.

*

Jumatatu ilifika. Karakana ilijaa, wakaja hata walio likizo. Taratibu alisimama pale pale alipozoea kusimama, kando ya pipa la oili chafu, na karatasi aliyoandikiwa na ofisi. Alisoma kwamba anaomba radhi kwa kuendesha gari akiwa amelewa, kwamba amehatarisha maisha ya watu, kwamba hatarudia. Alitarajia kicheko. Kingekuja kicheko, angejua pa kujificha. Lakini hawakucheka. Walitazama viatu vyao, kama watoto wanaomwona baba yao analia. Dereva mmoja kijana, aliyeacha kunywa mwaka jana kwa sababu ya mahubiri yake, alitoka nje kabla hajamaliza kusoma.

Jioni hiyo, jua bado liko juu ya mapaa, mtu alibisha hodi nyumbani. Alikuwa Kijiko.

Kijiko aliendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, pale yadi. Jina alilipata kwa jinsi alivyochota mizigo. Zamani alikuwa na trela lake kama wengine. Miaka sita iliyopita Taratibu alimsikia akinuka pombe alfajiri, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa wakati ule na kumripoti. Halikuwa kosa la kwanza. Kijiko alipokonywa trela, na baadaye, alipoacha kunywa, akarudishwa kwa mlango wa nyuma, kwenye foklifti. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwa vichwa tu.

Sasa alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini, akatafuta maneno.

"Kaka, mimi nilikuchukia miaka mitatu mizima. Nikwambie ukweli, ningesikia umeanguka wakati ule ningefanya sherehe. Lakini leo nimekuona umesimama pale, nikajiona mimi. Sikuja kukucheka." Alitoa kipande cha karatasi mfukoni. "Tuko watu kama kumi na wawili. Tunakutana Alhamisi saa kumi, chumba cha nyuma cha zahanati. Tulioacha, na tunaojaribu kuacha. Hakuna anayemhukumu mwenzake. Nitakupitia twende wote, usiende peke yako mara ya kwanza. Mara ya kwanza miguu inakataa."

Akamnyooshea mkono.

Taratibu aliutazama ule mkono. Aliweza kumdanganya daktari, bosi, mke, na karakana nzima. Lakini huyu alikuwa amekuja na kidonda chake mwenyewe ili kumtibu yeye, na Taratibu alijua kwamba akiushika mkono ule kwa uongo, hatakuwa mtu tena.

"Sijawahi kunywa," alisema.

Kijiko alitabasamu kwa huzuni. "Sote tulianza hivyo hivyo, kaka."

"Siyo hivyo. Sinywi. Ni kisukari. Nimeanzishiwa sindano, nikaficha. Siku ile nilidunga bila kula, sukari ikashuka. Nimesema nilikunywa kwa sababu mlevi anarudishwa kwenye gari."

Kijiko aliacha kutabasamu. Mkono wake ulirudi taratibu magotini, juu ya kofia. Uso wake ulibadilika, na Taratibu aliona kwamba haikuwa huruma wala mshangao. Ilikuwa hasira.

"Unajua ile aibu imenigharimu nini?" Kijiko aliuliza. "Mke wangu aliondoka. Mama yangu amekufa bila kuniona nikiwa mzima wa akili. Hii aibu mimi nimeivaa mpaka imechakaa, najua kila tundu lake. Na wewe umekuja ukaiazima kama koti, ufunike tumbo lako lenye sindano!"

"Nisamehe."

"Ugonjwa wako hauna aibu yoyote. Uliupata tu, kama mafua. Aibu iko kwenye hicho ulichokifanya." Alisimama, akavaa kofia. Mlangoni aligeuka. "Yule karani wa mizani ana jeraha la vioo mkononi. Umeshaenda kumwona?"

Taratibu alitikisa kichwa.

"Nilijua," Kijiko alisema, akaondoka.

Mke wake alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha cherehani. Alikuwa amesikia yote. Alikwenda kabatini, akatoa kadi ya kliniki na daftari dogo ambalo nesi aliwapa la kuandikia vipimo. Daftari lilikuwa tupu. Akaviweka mezani mbele ya mumewe.

*

Asubuhi yake walikwenda wote wawili kwa Madamu. Taratibu alieleza bila kupumzika, kuanzia kliniki hadi kisanduku cha swali la saba. Madamu alisikiliza huku akizungusha pete yake kidoleni.

"Mlevi ningemweka pembeni mwezi mmoja," alisema mwisho. "Wewe umenipa kazi kubwa zaidi. Umeendesha gari langu wiki saba bila kibali cha daktari. Bima wakisikia, na lazima wasikie, watauliza mimi nilikuwa wapi. Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningekupa kazi ya kufundisha hapa yadi miezi mitatu, mambo yakaisha."

"Miezi mitatu tu?"

"Miezi mitatu tu, mzee wangu. Ulidhani nini?"

Taratibu alifunika uso kwa viganja. Kitu alichokikimbia kilikuwa kidogo kuliko vyote alivyovunja wakati wa kukikimbia.

Haikuwa miezi mitatu tena. Leseni ya magari makubwa ilizuiwa kwa sababu ya ile fomu ya uongo, na ikawa miezi kumi na moja. Mahubiri ya Jumatatu alinyang'anywa. Alisimama karakana mara ya pili, safari hii bila karatasi, akawaambia ukweli, na wako walioona kwamba uongo wa pili ni mbaya kuliko ulevi. Yule kijana aliyetoka nje hakumsalimia tena. Lakini wiki hiyo hiyo madereva wawili walimvizia nyuma ya matangi ya maji, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja alinong'ona, "Hivi hiyo sindano inauma?" Mwingine alitaka kujua kama kukojoa mara tano usiku ni umri au ni kitu. Taratibu aliwapa wote siku za kliniki.

Alihesabu mifuko ghalani na kufagia vumbi la saruji. Alitoboa kidole mara nne kwa siku na kuandika namba. Mwanzo alijificha chooni kupima. Siku moja Kijiko alimkuta huko, akasimama mlangoni na kusema, "Toka humo, kunanuka," na tangu hapo alipimia mezani, ingawa bado alikaa akiwapa watu mgongo. Kijiko hakuwahi kusema amemsamehe. Alianza tu kumletea chai isiyo na sukari saa nne, bila maneno, akiiweka chini kwa kishindo.

Jopo la madaktari lilimwita zuio lilipokwisha, mwezi wa kumi na mbili. Walipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, wakamuuliza atafanya nini mikono ikitetemeka akiwa barabarani. "Nasimama," alijibu. "Nazima gari, natoa ufunguo, nakula sukari, nasubiri, napima. Siendi mpaka nimekaa sawa." Walimpa leseni ya mwaka mmoja yenye masharti: apime kabla ya kuwasha gari na kila baada ya saa mbili, safari fupi tu, na arudi kwao kila mwaka. Masafa marefu hayamo tena. Mke wake alilia kidogo ndani ya basi wakirudi, akasema ni vumbi.

Safari ya kwanza ilimpitisha kwenye mizani. Miezi yote ile hakuwa amekwenda kumwona karani. Kila alipopanga kwenda, mguu ulikuwa mzito, akajiambia wiki ijayo. Kibanda kipya kilikuwa cha matofali. Taa iliwaka nyekundu, akasimama juu ya mizani, akazima gari, akateremka.

Karani alimtazama kupitia dirisha. Kovu lilipanda kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko.

"Dada," Taratibu alisema, "nilipaswa kuja zamani. Nimechelewa kwa sababu naona aibu. Sikuwa mlevi, nilikuwa mgonjwa, na nilikuwa nimeficha. Nusura nikuue. Naomba unisamehe."

Karani hakumwita shemeji. Alishusha mkono wa blauzi ukafunika kovu.

"Habari ya ugonjwa nilisikia," alisema. "Mwezi mzima nilisubiri uje. Baadaye nikaacha kusubiri. Mpaka leo gari likipiga honi nyuma yangu, naruka." Aliandika uzito wa mzigo kwenye karatasi, akaipiga mhuri, akampitishia dirishani. "Sijui kama nimekusamehe, baba. Siku nikijua, nitakwambia. Sasa sogeza gari, wenzako wanasubiri."

"Ahsante," Taratibu alisema.

Alipanda, akafunga mkanda, akatazama vioo vyote viwili. Uso ulikuwa unamwaka. Aliondoa trela polepole juu ya mizani, akaingia barabarani na mzigo wake.